Kulanti haina fungu kwenye mgao

Katika vyombo vingi vya uvuvi vya pwani yetu, hesabu ya safari hufungwa pale pale ufukweni. Hutolewa kwanza dizeli, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo na nyavu ni la tajiri, fungu jingine ni la nahodha na mabaharia wake. Viwango hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini kanuni ni moja. Kinacholiwa na safari hulipwa na wote, kinachochakaa ni juu ya tajiri.

Kulanti, maji ya dawa ya kupozea mashine, imeangukia katikati. Haiishi kwa safari moja kama dizeli, hivyo mabaharia hawaihesabu. Wala haionekani kama nyavu iliyochanika, hivyo tajiri aliyeko nyumbani haikumbuki. Mashine hutiwa maji ya kisima, tena kisima cha pwani chenye chumvichumvi, na kazi inaendelea mpaka siku inapochemsha.

Fedha inayokwepwa ni kidogo. Injini ndogo ya dizeli ya silinda tatu, ya ndani ya boti, hubeba lita tano hivi za kulanti. Ukichanganya nusu kwa nusu, unahitaji lita mbili na nusu za kulanti yenyewe, zilizobaki ni maji. Kulanti ya kawaida hubadilishwa kila miaka miwili hivi, na ile ya muda mrefu hufika mitano. Upande wa pili wa mizani kuna gasketi ya hedi, hedi iliyopinda, mafundi wa siku kadhaa, na chombo kilichokaa juu ya mchanga wakati wenzake wanashusha samaki.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba kulanti ni kitu cha Ulaya, cha kuzuia maji yasigande. Kweli, mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, na jambo hilo halimhusu mvuvi wa Kilwa hata kidogo. Lakini hiyo ni kazi yake moja tu. Kwetu huku kazi kubwa ni ya dawa za kuzuia kutu zilizomo ndani yake. Katika injini nyingi kubwa za dizeli, slivu za silinda zimezungukwa na maji. Kila mlipuko wa mafuta huzitikisa, vipovu vidogo hujitunga ukutani na kupasuka, na kila kimoja kinapopasuka hudonoa chuma. Dawa ya kulanti huweka utando unaokinga chuma hicho. Maji matupu hayana utando huo, na baada ya muda slivu hutoboka kutoka nje kuja ndani, maji yakaingia kwenye oili.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanachukua injini iliyotoka kwenye lori, wanaifunga kwenye jahazi, kisha wanapitisha maji ya bahari moja kwa moja ndani ya bloku. Joto likivuka nyuzi 60 hivi, chumvi huanza kuganda kwenye njia za maji, ndiyo maana injini zilizoundwa kupozwa kwa maji ya bahari hufungiwa thamostati ya joto la chini. Ya lori haikuundwa hivyo. Bei ya kununulia ni rahisi, lakini mwenye jahazi anakuwa amekodi injini, hajainunua.

Sokoni nako kuna mchezo wake. Ukizunguka maduka ya spea, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam mpaka dukani kwenye mji mdogo wa bandari, utauziwa kwa rangi: ya kijani, nyekundu, bluu. Rangi si kipimo. Ni ya mtengenezaji, na maji ya kawaida nayo yakitiwa rangi hupendeza vilevile. Soma lebo. Kwa dizeli ya kazi nzito tafuta iliyoandikwa ASTM D6210. D3306 peke yake ni ya magari madogo. Wala usichanganye aina mbili tofauti, maana zipo zikikutana hufanya ute mzito unaoziba njia za maji.

Kazi yenyewe haimshindi fundi wa kijijini. Mashine ipoe kabisa ndipo kifuniko kifunguliwe. Hufunguliwa nati ya chini ya bloku, na ile ya kipozeo kinachopozwa kwa maji ya bahari, ambayo wengi huisahau. Nati ikitoka na maji yasitoke, usidhani bloku ni tupu: chomeka waya, tope la kutu litaachia. Huoshwa kwa maji baridi hadi yatoke meupe, kisha kulanti hutiwa polepole ili hewa ipande. Washa mashine kifuniko kikiwa wazi. Thamostati ikifunguka, kiwango hushuka ghafla, na hapo ndipo pa kuongeza. Ya zamani iwekwe kwenye dumu, isimwagwe ngamani. Ni sumu yenye utamu, na wanyama wa bandarini huilamba.

Baada ya hapo ni kuangalia. Kiwango kikishuka na ngama ni kavu, huenda mrija wa kipozeo umetoboka na kulanti inakwenda baharini.

Wavuvi wa dagaa wana nafasi ambayo wenye malori hawana. Kila mwezi, mbalamwezi inapong'aa, taa hazivuti samaki na vyombo hupumzika. Siku hizo fundi ana wasaa na mashine haidaiwi safari. Tajiri na nahodha wakikubaliana kutenga kiasi kidogo kabla ya mgao, kikaandikwa daftarini pamoja na dizeli na barafu, fedha itakuwepo siku hizo, na nahodha atakuwa na sababu ya kufungua kifuniko kila asubuhi, kwa kuwa na yeye amechangia.

Na wewe unayekwenda kununua mashine iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fungua kifuniko ikiwa baridi. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, punguza kwenye bei gharama ya kufungua hedi, na akikataa, tafuta nyingine.