Kifungo cha Haidrojeni: Istilahi na Athari ya Kiyeyushi

Kemia inapofafanuliwa kwa Kiswahili, mvutano baina ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya molekuli nyingine huweza kuitwa "kifungo cha haidrojeni". Istilahi hiyo ina kasoro. Kifungo, kiwe cha shati au cha jela, hakitarajiwi kulegea kwa sababu tu ya kile kinachokizunguka. Mvutano huu, kinyume chake, hutegemea mno kiyeyushi, yaani kiowevu ambamo molekuli hizo zimeyeyushwa.

Mfano mwafaka ni asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Uzito wa molekuli yake ni 60. Hata hivyo, asidi hiyo ikiyeyushwa katika benzini, kiowevu cha kaboni na haidrojeni pekee, na uzito huo ukakadiriwa kwa kupima jinsi halijoto ya kuganda inavyoshuka, jibu hukaribia 120. Molekuli hazikunenepa! Njia hii kwa hakika huhesabu chembe: kadiri chembe zinavyozidi, ndivyo benzini, ambayo ikiwa safi huganda katika nyuzi 5.5 za Selsiasi, inavyohitaji baridi zaidi ili igande. Chembe zimepungua takriban nusu kwa kuwa molekuli za asidi zimeshikana mbili mbili. Kila moja huielekeza haidrojeni yake kwenye oksijeni ya mwenzake, na jozi huwa na vifungo viwili.

Majini, jibu hurejea karibu na 60. Si kwamba asidi imepoteza uwezo wa kushika. Benzini haikuwa mshindani wa maana, ilhali maji hutoa haidrojeni na kuipokea pia, tena yapo tele pande zote. Molekuli za asidi zikishikana, sharti kwanza ziyaache maji yaliyozishika. Maji hayo nayo hushikana yenyewe kwa yenyewe. Vifungo vilivyovunjwa hukaribia kulingana na vilivyoundwa, na faida ya kuwa jozi huwa ndogo mno. Mwanaisimu atakumbuka hapa suala la muktadha, ingawa ulinganisho huo haufai kuvutwa mbali.

Jambo hili lina uzito katika elimu ya uhai. Mwaka 1962, Klotz na Franzen walichunguza molekuli ndogo zenye kiunganishi kama kile cha protini. Katika tetrakloridi ya kaboni zilishikana vyema. Majini zilishikana kwa nadra sana. Hivyo basi, dai kwamba vifungo vya haidrojeni peke yake ndivyo vinavyoikunja protini ndani ya seli iliyojaa maji halikuweza tena kukubaliwa bila maswali.

Kwa mintarafu ya istilahi, "mshiko wa haidrojeni" lingekuwa jina la haki zaidi. Mkono ulioshika huweza kuachia na kumshika mwingine aliye karibu.