Mitandao isiyo na waya na usalama wake (2): Kuipasua maiti ya WEP

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilituacha hewani: mawimbi ya Wi-Fi hayaujui mpaka wa ukuta, na jirani wa chumba cha pili huyapata kama anavyoyapata mwenye ruta. Sasa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi, ambaye ameshafundishwa antena, masafa na hesabu za upotevu wa nguvu njiani, aanzie wapi kujifunza kulinda kinachobebwa na mawimbi hayo? Jibu langu ni kwamba aanze na itifaki iliyokufa. Wanafunzi wa udaktari hupewa maiti kabla ya kukabidhiwa mgonjwa, na mhandisi wa mitandao anayo yake. Inaitwa WEP.

WEP ilizaliwa pamoja na kiwango cha 802.11 mwaka 1997. Kusudi lake lilikuwa la kiasi tu: kumpa mtumiaji wa redio faragha ile anayoipata aliyechomeka waya. Ndani yake kulikuwa na RC4, kisimbaji kilichotungwa na Ron Rivest mwaka 1987, chepesi na chenye kasi, kilichoweza kuingia kwenye vichipu hafifu vya wakati ule. Rivest si mbahatishaji. Yeye ndiye R katika RSA.

Ukiuliza darasani kwa nini WEP ilivunjwa, wengi watakuambia ufunguo ulikuwa mfupi. Ni kweli ulikuwa na biti 40 tu, na sheria za Marekani za wakati ule, zilizobana uuzaji wa usimbaji wenye nguvu nje ya nchi, zilichangia hapo. Lakini jibu hilo halisimami. Watengenezaji waliurefusha ufunguo hadi biti 104, wakautangaza madukani kuwa ni wa biti 128 kwa kujumlisha biti 24 ambazo wala si za siri, na bado ukavunjwa. Oktoba 2000 Jesse Walker wa Intel aliipelekea kamati ya 802.11 hati iliyosema wazi kwamba WEP haiwezi kuwa salama hata ufunguo uwe mrefu kiasi gani. Ugonjwa ulikuwa kwenye zile biti 24.

Hapa inafaa tukae kidogo. Kisimbaji cha aina ya RC4 huchukua ufunguo na kuzalisha mkondo mrefu wa biti zinazoonekana kama za kubahatisha. Kisha kila biti ya ujumbe hulinganishwa na biti ya mkondo iliyo mkabala nayo: zikifanana inaandikwa 0, zikitofautiana inaandikwa 1. Mpokeaji mwenye ufunguo ule ule huzalisha mkondo ule ule, hurudia kitendo kile kile, na ujumbe unarudi ulivyokuwa.

Chukua karatasi. Ujumbe wa kwanza uwe 0110 na mkondo uwe 1001. Kinachokwenda hewani ni 1111. Ujumbe wa pili uwe 1011, mkondo ubaki ule ule 1001. Hewani kinakwenda 0010. Sasa linganisha hivyo viwili vilivyokwenda hewani: unapata 1101. Linganisha jumbe mbili za asili: 1101. Mkondo umejifuta wenyewe. Msikilizaji hana ufunguo wowote, lakini ana tofauti kamili kati ya jumbe mbili, na kwa kuwa pakiti za mtandao zimejaa vichwa vya habari vinavyotabirika, akishaujua mmoja, wa pili anausoma tu.

Mkondo mmoja, basi, hutumika mara moja. Waundaji wa WEP waliijua kanuni hiyo, ndiyo maana kila pakiti ilipewa namba ya biti 24, tuiite kianzio, iliyobandikwa mbele ya ufunguo wa siri ili kila pakiti ipate mkondo wake. Kianzio kilitumwa wazi, na hilo peke yake halina ubaya. Kianzio hakilazimiki kuwa siri, kinalazimika kutojirudia. Biti 24 zinatoa vianzio 16,777,216. Idadi hiyo inatisha mpaka uigawe kwa kasi ya mtandao. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa megabiti 11 kwa sekunde, kasi ya 802.11b ya mwaka 1999, pakiti hiyo inapita kwa sekunde 0.00109. Zidisha kwa idadi ya vianzio na utapata sekunde 18,300 hivi, yaani saa tano na dakika chache. Ofisi inayofungua saa mbili asubuhi, mtandao wake ukishughulika mfululizo, inafika saa saba mchana vianzio vyote vimekwisha na vya asubuhi vinaanza kurudi.

Hapo nimechukulia kwamba vinatumiwa kwa zamu. Vikiokotwa kwa bahati nasibu hali ni mbaya zaidi. Mwanafunzi aliyesoma uwezekano anakumbuka kwamba katika darasa la watu 23, nafasi ya wawili kushiriki siku ya kuzaliwa inazidi nusu. Hesabu hiyo hiyo inasema pakiti 4,800 hivi zinatosha kuleta marudio ya kwanza. Kuna na la tatu, ambalo hakuna hesabu ingelitabiri. Mwaka 2001 Nikita Borisov, Ian Goldberg na David Wagner walichapisha uchambuzi wao wa WEP, na wakaeleza kwamba kadi walizozijaribu zilianza kuhesabu vianzio kutoka 0 kila zilipochomekwa kwenye kompyuta. Vianzio vidogo vikawa vinarudiwa kila siku. (Goldberg na Wagner walikuwa miongoni mwa walioonyesha udhaifu wa usimbaji wa simu za GSM mwaka 1998. Simu nimeziwekea sehemu ya tatu.)

Nawasihi walimu watoe hesabu hiyo ya saa tano kabla ya nadharia yoyote, kwa sababu hakuna kriptografia ya juu ndani yake, ni kuzidisha na kugawanya. Ukubwa wa pakiti, kasi ya kiungo, na kadi inavyofanya inapowashwa ni namba za mhandisi wa redio, si za mtaalamu wa usimbaji. Yeye ndiye aliyekuwa nazo mezani. Somo la usalama likitenganishwa na somo la redio, likawekwa muhula wa mwisho kama nyongeza, hakuna anayebaki mwenye jukumu la kuzizidisha.

Udhaifu wa pili niutaje kwa kifupi. WEP ilihakiki uzima wa ujumbe kwa CRC-32, hesabu nzuri sana ya kugundua makosa yaliyosababishwa na kelele za njiani. Kelele hazina nia, mdukuzi anayo. Kwa kuwa CRC na usimbaji wa mkondo vyote hufuata kanuni ile ile ya kulinganisha biti, anayejua anachokitaka anaweza kugeuza biti ndani ya pakiti iliyosimbwa, akarekebisha na hesabu ya uhakiki, na mpokeaji akaipokea kana kwamba haijaguswa. Mwanafunzi aliyefaulu somo la usimbaji wa njia anaweza kuithibitisha kwa mistari michache.

Pigo la mwisho lilitoka kwa S ya RSA. Agosti 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba RC4 ikipewa ufunguo ambao sehemu yake ya mwanzo inajulikana, vianzio vya sura fulani huvujisha sehemu ya siri. WEP ilifanya hivyo hasa: baiti tatu za kwanza za ufunguo wa RC4 ndizo kile kianzio kilichotangazwa hewani. Tena baiti ya kwanza ya karibu kila pakiti ya Wi-Fi ilikuwa ile ile, AA kwa hesabu ya kumi na sita, hivyo baiti ya kwanza ya mkondo ilipatikana bure. Kianzio dhaifu kikipita, baiti hiyo huashiria baiti inayofuata ya ufunguo kwa usahihi wa kama asilimia 5. Ni kidogo, lakini kubahatisha tu kungetoa moja kati ya 256, chini ya nusu asilimia. Kusanya vianzio dhaifu makumi kadhaa, hesabu kura, na thamani ya kweli inajitokeza. Kisha unakwenda baiti inayofuata. Ufunguo wa baiti 13 unachukua muda mrefu kuliko wa baiti 5 mara mbili na ushee tu, ilhali kwa kubahatisha tofauti hiyo ingekuwa zaidi ya umri wa dunia.

Watatu hao hawakukaa kwenye gari nje ya jengo la mtu. Aliyeijaribu nadharia yao kwenye vifaa halisi alikuwa mwanafunzi, Adam Stubblefield wa Chuo Kikuu cha Rice, akishirikiana na John Ioannidis na Aviel Rubin wa maabara za AT&T. Waliupata ufunguo wa mtandao uliokuwa ukitumika kazini kwa kusikiliza tu, bila kutuma pakiti hata moja. Na wakaandika kwenye muhtasari wa ripoti yao kwamba walipewa ruhusa na msimamizi wa mtandao huo. Mwanafunzi wetu aisome hiyo sentensi mara mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, zote zinafanya kuwa kosa kunasa mawasiliano ya mwingine bila ruhusa, na sijaona kifungu kinachomsamehe aliyekuwa anafanya mazoezi ya shule.

Je, RC4 ndiyo mwenye kosa? Kisimbaji hicho hicho kiliendelea kulinda tovuti za benki kwa miaka mingi baadaye. IETF, chombo cha viwango vya intaneti, ilikipiga marufuku kwenye TLS, itifaki inayolinda tovuti hizo, mwaka 2015 tu. Kule ufunguo wa kila kikao ulisagwa kwanza kwa kanuni ya kriptografia, hivyo hakuna kipande chake kilichojulikana. Yaani kifaa kizuri kilifungwa vibaya. Waliokifunga walikuwa wahandisi hodari wa redio. Na gharama haikuwa ya vitabuni: kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani, iliyovamiwa kuanzia mwaka 2005, ilipoteza taarifa za kadi za malipo zisizopungua milioni 45.7, na mlango mmojawapo ulikuwa Wi-Fi ya duka iliyolindwa kwa WEP. Hiyo ni miaka minne baada ya ripoti ya Fluhrer na wenzake kusomwa duniani kote.

Kuhusu WPA ya 2003 sitasema mengi. Ilikuwa dawa ya dharura kwa vifaa vilivyokwishauzwa, ikiwa na kianzio cha biti 48. WPA2 ya 2004 ilileta kisimbaji cha AES, na wengi wakadhani habari imekwisha. Watafiti walithibitisha rasmi kwamba salamu za hatua nne, ambazo ruta na simu hubadilishana ili kupata ufunguo, ni salama. Kisha Oktoba 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa KU Leuven, Ubelgiji, wakaonyesha kwamba ukiuzuia ujumbe wa nne usifike, ruta itautuma tena ujumbe wa tatu, simu itauweka ufunguo ule ule upya, na hesabu yake ya pakiti itarudi mwanzo. Hesabu ikirudi mwanzo mkondo unajirudia, na unajua tayari kinachofuata. Uthibitisho haukuwa na kosa, ila haukuuliza ufunguo unawekwa lini na mara ngapi. Ndiyo maana nasisitiza maiti ya zamani: aliyeipasua WEP kwa mkono wake angeielewa KRACK, yaani shambulio hilo la Leuven, kwa ukurasa mmoja.

Vifaa vya maabara si ghali. Ruta ya zamani yenye WEP bado inapatikana kwa mafundi wa vifaa vilivyotumika, Kariakoo au kwingineko. Kadi ya Wi-Fi inayoweza kusikiliza bila kujiunga inahitaji kuulizwa kwa jina la kichipu chake, maana maboksi hayasemi. Programu ya kusomea pakiti, Wireshark, ni ya bure. Punguza nguvu ya ruta, usiiunganishe na intaneti, tumia simu yako mwenyewe kama mteja. Na kabla ya kukimbilia programu zinazotoa ufunguo kwa kubofya mara moja, kaa siku kadhaa ukizisoma pakiti baiti kwa baiti hadi uione ile AA ilipo. Anayebofya tu hutoka na ufunguo wa ruta yake, ambao alikuwa nao tangu mwanzo.

Zoezi la nyumbani ni la WPA2, kwa sababu ndiyo iliyo ukutani kwa wengi wetu. Nenosiri lake husagwa mara 4,096 likichanganywa na jina la mtandao, na anayenasa zile salamu mara moja anaweza kwenda kubahatisha kwake bila ruta kujua. Kadi moja ya michoro, ya wacheza michezo ya kompyuta, inamudu majaribio 400,000 kwa sekunde. Migahawa na nyumba nyingi za kwetu huweka namba ya simu ya mwenyewe kuwa nenosiri. Namba inayoanza na 07 imebakiza tarakimu nane, yaani namba 100,000,000: zote zinakwisha kwa sekunde 250. Badala yake tupa dadu tano, uchague neno kutoka orodha ya maneno 7,776, na ufanye hivyo mara nne. Kadi ile ile itahitaji miaka 290 hivi kuyamaliza yote. Mwenye kadi kumi atahitaji 29, ambayo si mingi kwa mtu mwenye subira na umeme. Ongeza neno la tano, kisha piga hesabu mwenyewe.