Msaada na Daftari Lake

Wasomaji wetu wa Bugene na wa vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, walio watu wazima, hawajasahau mwaka 1994, watu walipokimbia vita na mauaji ya Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu waliokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengine waliingia Karagwe, wakapigiwa makambi. Miti ilikatwa, maji yakagombewa, lakini wageni wale walilishwa. Hata leo wako waulizao: Fedha ile ilikuwa ya nani, na nani aliilinda? Twapenda kueleza.

Fedha ilitoka serikali za Ulaya, Marekani na nchi nyingine. Toka Aprili hata Desemba 1994, dola zipatazo bilioni 1.4 zilitengwa kwa msiba wa Rwanda, ndani ya nchi ile na kwa majirani zake. Shirika la Chakula Duniani lilileta vyakula, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likasimamia makambi pamoja na Serikali yetu. Kila gunia lilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine, yafaa iwepo karatasi yenye sahihi: yaliyopokelewa, yaliyotolewa, yaliyosalia. Hesabu hizo zisipolingana, mwenye ghala hana budi kujibu.

Lakini karatasi yaweza kuwa safi na kazi ikawa chafu. Mwanzoni, katika makambi mengi, chakula kilikabidhiwa viongozi waliotoka na watu wao Rwanda, nao ndio waliotaja idadi ya watu. Baadhi yao walishitakiwa kuwa waliongoza mauaji. Basi atajaye idadi ndiye ashikaye gunia: akitaja watu wasiokuwapo, ziada ni yake, naye huitumia kujipatia mali na nguvu, na mjane asiye na mtetezi hupunjwa. Kwa ajili hiyo Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walianza kujitoa katika makambi mwishoni mwa 1994, wakisema msaada unawalisha wauaji.

Dawa yake ilikuwa nyepesi kuitaja, nzito kuitenda: kuhesabu watu wenyewe, kuipa kila jamaa kadi, na kuwapa posho yao mikononi.

Mwaka 1996 serikali na mashirika mengi, Denmark ikiongoza, walitoa taarifa ya uchunguzi wa kazi yote. Ilikiri kwamba watu wengi sana waliokolewa. Tena ililaumu, bila kuficha, kwamba mashirika yaliyopita 200 yalifika, na mengine hayakuwa na ujuzi wala hayakupatana na wenzao. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao. Lakini mafunzo yale yamebaki.

Katika nchi yetu, ulinzi wa fedha ya umma umewekwa na Katiba, ibara ya 143. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila mwaka, pamoja na miradi ya fedha za wafadhili, na taarifa yake hufika Bungeni. Lakini mkaguzi huyo hawezi kulala katika kila ghala wala kujua kila nyumba. Mwalimu ajua watoto wangapi wamo darasani. Mwenyekiti wa kijiji ajua ni nyumba ipi ina watu na ipi ni tupu. Wao wakinyamaza, hesabu ya uongo hufika mpaka juu ikiwa na mihuri yote.

Kwa hiyo twawasihi: mkutano mkuu wa kijiji, ambao huitwa kila miezi mitatu, usiachwe kwa wazee wachache. Fedha ya zahanati au ya shule ikija, isomwe mbele ya wote: imetoka wapi, ni kiasi gani, imenunua nini, nani ameweka sahihi. Aulizaye si mchochezi, na aliye mwaminifu hafichi daftari. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.