Mwangaza wa nyumba: kila chumba na taa yake



Hakuna mtu anayeshuka chini ya udongo, pale Kipushi ao Kamoto, bila taa kwenye kofia yake na batri iliyojaa kwenye mkaba. Taa ikianza kufifia, anasimamisha kazi. Lakini mtu yule yule akifika nyumbani, anawasha ampuli moja inayoning'inia katikati ya saluni, na hiyo moja inapaswa kuangazia saluni, mlango wa jikoni na nusu ya koridoro. Mama anakata nyama ndani ya kivuli chake mwenyewe. Mtoto anaandika huku pua yake inagusa daftari. Na baba, mwenye kuangalia vizuri anapokanyaga kazini, anajikwaa kwenye ngazi ya mlango wake.

Tuanze na ampuli yenyewe, sababu wengi wananunua kwa kuangalia bei tu. Katika ampuli ya zamani, ile yenye uzi ndani, zaidi ya sehemu 90 katika 100 za umeme zinageuka joto. Mwangaza ni kidogo tu. Ndiyo maana inaunguza mkono. Ampuli ya LED ya wati 9 inatoa mwangaza karibu sawa na ile ya uzi ya wati 60. Hesabu ni rahisi: ile ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, inakula kilowati-saa 9 kwa siku 30. Ile ya LED haifiki hata moja na nusu. Kwa hiyo usiangalie wati peke yake. Soma kwenye kartoni namba ya lumeni, ndiyo inayosema nguvu ya mwangaza: karibu lumeni 800 zinatosha chumba cha kadiri. Soma tena namba ya kelvini, inayosema rangi: 2700 ni mwangaza wa manjano, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Rangi hiyo si mapambo tu, kama tutakavyoona.

Chumba cha kulala ndicho tunataka kukawia hapo, hasa kwa wale wa posti ya usiku. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, na mwangaza ndio unaoiongoza zaidi. Mwangaza mweupe unauambia mwili: kumekucha, amka. Sasa mtu anatoka kazini asubuhi, jua limekwisha kupanda, anajitupa kitandani katika chumba chenye rido nyembamba, halafu anashangaa kwamba nyuma ya saa tatu macho yako wazi. Jioni yake ndiye anayeshika usukani wa kamio kubwa ao anayefunga miti ya kuzuia udongo juu ya vichwa vya wenzake. Usingizi huo uliokatika si jambo lake peke yake.

Dawa yake haina bei kubwa. Weka rido nzito ya rangi nyeusi ao ya bluu kali, ipite ukingo wa dirisha kila upande; blanketi kuukuu linafaa sawa. Taa ya chumba iwe ndogo, wati 4 ao 5 za LED, ya rangi ya manjano. Unapoamka jioni mbele ya kwenda kazini, fanya kinyume: keti katika saluni yenye taa nyeupe yenye nguvu, mwili upate kujua kwamba siku yako inaanza. Na wamama, mtusaidie kuwafukuza watoto chini ya dirisha lile.

Lakini angalisho moja. Kuziba mwangaza si kuziba hewa. Tundu la juu ya dirisha libaki wazi, na mbabula isiingie katika chumba cha kulala, hata wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, hata kama makala yanaonekana yamekufa. Moshi wake wa sumu hauna harufu, na mtu aliyelala hausikii.

Jikoni, shida si udogo wa taa, ni mahali ilipowekwa. Ikiwa nyuma yako, kivuli chako kinaanguka juu ya kisu na chungu. Iweke mbele, juu ya meza ya kazi, na ndani ya kioo kinachoikinga na mvuke. Hapo utaona kijiwe ndani ya mchele mbele ya jino kukiona.

Kwa mtoto wa masomo, taa ya meza ni bora kuliko ampuli kubwa ya juu. Anayeandika kwa mkono wa kuume, mwangaza umfikie kutoka kushoto. Wa kushoto, kutoka kuume. Watu wanasema kusoma katika giza kunapofusha. Sivyo: kunachosha macho na kuleta maumivu ya kichwa, na mtoto anaacha kitabu, hasara inayotosha. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe utasaidia pia, kwa kuwa unarudisha mwangaza ambao ukuta mweusi wa moshi unaumeza.

Kwenye chumba cha kuogea, kitufe cha kuwasha kiwe nje ya mlango. Mikono yenye maji haigusi umeme.

Na umeme ukikatika? Taa ndogo yenye kuchajiwa kwa jua ni feza iliyotumika vizuri. Anayebaki na buji aisimamishe ndani ya sahani yenye maji, mbali na rido na chandarua, na asilale mbele ya kuizima. Chandarua kinashika moto kwa dakika moja, mtoto yumo ndani. Kwa taa ya petroli, kataeni petroli iliyochanganywa na esansi. Wauzaji wengine wanafanya hivyo, na taa ya namna hiyo inaweza kulipuka mkononi. Ikiwa petroli uliyonunua ina harufu ya esansi, usiijaribu.

Wenye grupu ndogo ya kutoa umeme wanaiingiza ndani ya koridoro kwa kuogopa wezi. Tunawaelewa, wezi wapo. Lakini inatoa ile ile sumu ya mbabula, nyingi zaidi. Ifungeni kwa mnyororo kwenye nguzo nje, mbali na madirisha, na mvuteni waya mrefu.