Sanduku la Barua Lililosahaulika Ndani ya Seva

Mwananchi anayefuatilia jalada lake masijala huambiwa mara nyingine kwamba mtandao unasumbua, kumbe mtandao ni mzima na kilichojaa ni diski ya seva. Miongoni mwa visababishi vya hali hiyo kimo kimoja ambacho hata wataalamu wa TEHAMA hukisahau, nacho ni sanduku la barua la ndani.

Seva zinazotumia mfumo wa Linux kwa kawaida huwa na programu iitwayo cron, inayoendesha kazi zilizopangiwa saa, kama vile kutoa nakala rudufu usiku. Kazi ikitoa ujumbe wowote, na seva ikiwa na huduma ya barua, cron humtumia ujumbe huo mwenye kazi. Barua haitoki nje ya seva. Huongezwa kwenye faili moja, mara nyingi /var/mail/root. Kazi inayorudiwa kila dakika 5 na kulalamika kila mara huacha barua 288 kwa siku, yaani zaidi ya laki moja kwa mwaka. Kwa kuwa hifadhidata nyingi nazo hukaa chini ya /var, nafasi ikiisha hushindwa kuandika, na huduma dirishani husimama.

Kufuta ni rahisi, pengine rahisi kupita kiasi. Katikati ya rundo hilo huenda imo barua inayoeleza kwamba nakala rudufu ya jana, na ya juzi, haikukamilika. Anayefuta bila kusoma atalijua hilo siku diski itakapoharibika. Kwa hiyo zisomwe kwanza zile za mwisho, kwa amri `tail -n 200 /var/mail/root`, kisha chanzo cha malalamiko kirekebishwe. Kuinyamazisha cron kwa `MAILTO=""` kabla ya hapo ni kuficha ugonjwa.

Ndipo usafi ufuate. Ndani ya programu ya mail, `d *` huzitia barua zote alama ya kufutwa na `q` hukamilisha. Anayetoka kwa `x` atazikuta zote palepale. Sanduku likiwa kubwa mno, `truncate -s 0 /var/mail/root` hulimwaga lote bila kuliondoa faili lenyewe wala kubadili umiliki wake.

Ofisi za kata, shule na vituo vya afya vyenye seva zao vinaweza pia kuandika katika /etc/aliases jina la mtumishi atakayepokea barua za root, kisha kuendesha amri `newaliases`. Tangu hapo kila barua humfikia mtu mwenye jina na zamu.