Simu ya Intaneti Isiyo na Waya: Utendaji na Matayarisho Yake

Kwa miaka mingi simu ya ofisini ilitegemea waya wa shaba uliotoka kituo cha simu cha mjini. Siku hizi shule, zahanati au ofisi ya chama cha ushirika iliyoko Nyansurura, mkoani Mara, haihitaji kuungoja waya huo. Mahali popote intaneti inapofika, hata kwa njia ya mnara wa simu za mkononi, sauti huweza kupita humo pamoja na barua na picha. Hata hivyo, watumiaji wengi hulalamika kwamba sauti hukatikakatika, au kwamba simu hupiga lakini haipigiki. Mara nyingi kosa si la chombo bali la matayarisho yake. Nayo matayarisho hayaeleweki bila kukumbuka jambo moja: barua yaweza kuchelewa bila kuharibika, lakini sauti haiwezi.

SAUTI KUWA TARAKIMU

Mwaka 1938 Alec Reeves, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliomba hataza ya njia ya kugeuza sauti kuwa tarakimu. Kanuni hiyo hutumika hadi leo. Umeme utokao kwenye maikrofoni hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hivyo sauti ya mtu mmoja huhitaji biti 64,000 kwa sekunde.

Biti hizo hazitumwi moja moja. Hukusanywa kwa muda wa milisekunde 20, kisha hufungwa katika pakiti moja ya baiti 160. Kila pakiti hubandikwa anwani na nambari ya zamu, ambazo kwa kawaida huchukua baiti 40. Kwa kuwa pakiti 50 husafiri kila sekunde, mazungumzo huhitaji biti 80,000 kwa sekunde za kwenda, na kiasi hicho hicho cha kurudi. Ziko njia za kuibana sauti, ziitwazo kodeki, ambazo huipunguza hadi biti 8,000 kwa sekunde. Lakini anwani haipungui, na kwa hiyo kinachosafiri hasa ni biti 24,000. Bahasha imekuwa nzito kuliko barua iliyomo.

KUCHELEWA NA FOLENI

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu hupendekeza kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikipita 400, wazungumzaji huanza kukatizana maneno.

Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni karibu kilomita 71,600, na redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari hiyo peke yake ilimaliza milisekunde 239. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM, unaotua pia Dar es Salaam, ulianza kazi, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya kioo cha mkongo hupita kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kilomita 1,500 humalizika kwa milisekunde 7.5.

Basi, mahali penye mkongo ucheleweshaji mkubwa hutokea kwenye foleni wala si njiani. Mtu mmoja ofisini akipakua filamu, pakiti za sauti husimama nyuma ya pakiti za filamu ndani ya ruta. Ndiyo maana ruta hutakiwa kupangwa ili pakiti za sauti zitangulie. Mpango huu mmoja huweza kuleta nafuu kuliko kununua intaneti ya kasi zaidi.

MKONO WA SIMU, KITUO NA SEVA

Mkono wa simu usio na waya huzungumza kwa redio na kituo kidogo kilichofungwa ukutani. Katika mtindo wa DECT wa Ulaya redio hiyo hutumia masafa ya megahezi 1,880 hadi 1,900. Vifaa vya namna hiyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia 1,920 hadi 1,930, masafa ambayo hapa ni ya simu za mkononi, na huweza kuvuruga mawasiliano ya majirani. Mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba aina ya kifaa imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Uandikishaji hufanywa mara mbili. Kwanza mkono wa simu huandikishwa kwenye kituo chake. Kisha kituo huandikishwa kwenye seva ya simu kwa anwani ya seva, jina na neno la siri. Seva hukumbuka mahali kituo kilipo kwa muda maalumu, na uandikishaji huo hurudiwa.

Hapa ndipo asili ya simu isiyopigika. Ruta huficha anwani za ndani ya ofisi, na njia isiyotumika huifunga baada ya muda mfupi. Simu ikitoka, njia hufunguka. Ikitaka kuingia, huikuta imefungwa. Dawa yake ni kukiamuru kituo kitume ujumbe mdogo kila baada ya sekunde 30 hivi, ili njia isifungwe.

Neno la siri lililowekwa kiwandani lazima libadilishwe. Wezi huyatafuta maneno hayo, wakapiga simu za nchi za nje kwa gharama ya ofisi.

UMEME

Simu ya waya wa shaba ilipata umeme wake, volti 48, kutoka betri za kituo cha simu. Taa zilipozimika kijijini, simu ilibaki hai. Simu ya intaneti haina mlezi huyo. Umeme ukikatika usiku wakati mama mjamzito anahitaji gari la wagonjwa, zahanati yenye vifaa vizuri huweza kuwa bubu. Kwa hiyo betri ni sehemu ya simu, si pambo. Inafaa pia kubaki na simu ya mkononi ya akiba, ambayo wafanyakazi wote wanajua ilipo.

ZOEZI LA DARASANI

1. Ofisi ina intaneti ya biti 512,000 kwa sekunde kila upande, na nusu yake imetengewa sauti. Ni mazungumzo mangapi yatakayopita kwa pamoja bila kubanwa? Na yakibanwa?

2. Ruta na kituo hutumia wati 30 kwa jumla. Betri ni ya volti 12 na ampea-saa 100, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Simu itaishi saa ngapi bila umeme?

Majibu: 1. Mazungumzo 3, yakibanwa, 10. 2. Saa 20.