Neno "Safari" na Uteuzi wa Maneno ya Kiingereza

Madhumuni ya makala haya mafupi ni kuchunguza tatizo linalomkabili Mswahili aandikapo kwa Kiingereza habari za safari zake. Tatizo hilo halitokani na uchache wa maneno bali na wingi wake. Neno letu moja, safari, Kiingereza hulipasua mafungu kadhaa, na kila fungu lina mipaka yake.

Kwanza, "journey". Asili yake ni Kifaransa cha kale, na lilihusu mwendo au kazi ya siku moja. Leo hutaja mwendo wa kutoka mahali hadi mahali, hasa ulio mrefu. Mkazo wake uko njiani. "Trip" hujumlisha kwenda na kurudi, na aghalabu ni safari fupi yenye shughuli maalumu. Mhadhiri aliyekwenda Kisumu mkutanoni kwa siku mbili akarejea Nairobi amefanya "trip"; saa alizokaa ndani ya basi ndizo "journey". "Voyage", ambalo chanzo chake cha Kilatini kilimaanisha masurufu ya njiani, siku hizi huhusu hasa bahari, kama mwendo wa jahazi kutoka Lamu hadi Maskati.

Ama "travel", hilo ni tendo la kusafiri kwa jumla, wala halihesabiki. Wanafunzi wetu huandika "a travel" kwa kuwa safari ya Kiswahili huhesabika: safari moja, safari tatu. Wingi wake, "travels", hukubalika kwa mizunguko ya mtu katika nchi mbalimbali, na hapo ndipo mtego ulipo.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, ni neno "safari" lenyewe. Sisi tulilipata kwa Waarabu. Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19, wakalifinya likawa msafara wa kuwinda au kutazama wanyama. Mathalani, mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Theodor Bumiller hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Tukiuita mwendo huo "safari" kwa Kiingereza, msomaji wa London atatafuta simba huko Siberia. "Journey" ndilo linalomstahiki Salim.

Yawezekana kupinga kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki hutumia "safari" kwa maana yetu pana. Ni kweli, na baina yetu hakuna dhara. Lakini mbele ya msomaji wa mbali, neno letu hurudi likiwa limevaa kanzu ya mgeni, na msafiri wa Kiswahili hugeuzwa mtalii katika masimulizi yake mwenyewe.

Kwa hiyo mwalimu asimpe mwanafunzi orodha ya visawe tu. Amfundishe kujiuliza: Nilipita njia gani? Nilichukua muda gani? Je, nasimulia njia, au kwenda na kurudi? Akishajibu, neno litajiteua lenyewe.